Football Manager 2024: nani aongezewe mkataba, nani apewe Thank You

Nianze na hela maana najua ndo swali la kwanza mtakaloniuliza. FM24, yaani hii Football Manager 2024, gemu ya kompyuta ambayo we ndo meneja wa klabu, ilivyotoka Novemba 2023 bei yake ilikuwa dola 59.99, kwa rate ya kipindi kile ni kama laki na nusu ya kwetu, na mimi kwa moyo mweupe kabisa siwezi kumwambia kijana wa Bongo atoe laki na nusu anunue gemu ya mpira ambayo hata mpira wenyewe hagusi, anakaa anasoma maandishi na namba mpaka saa nane usiku. Ila Epic, lile duka la magemu mtandaoni, waliigawa bure Septemba 2024, aliyewahi kubonyeza siku zile anayo mpaka kesho, na wengine tuliivizia kwenye punguzo. Kwa bei hizo usiulize mara mbili.

Na najua kuna mtu atasema mzee hiyo imezeeka, si kuna FM26? Sawa, ipo. FM25 waliifuta kabisa Februari 2025, FM26 ikaja Novemba 2025 na injini mpya na muonekano mpya, watu wengine wameipenda wengine wamerudi zao nyuma. Mi nimebaki kwenye 24 kwa sababu ya kitu kimoja na ndo hicho tu ntakachokiongelea hapa, sitagusa mbinu wala jinsi mechi zinavyoonekana wala kona. Naongelea ile kazi ya kukaa chini ukaangalia hawa jamaa ambao mikataba yao inaisha Juni ukaamua nani anabaki nani anaenda. Sisi huku tunaijua upande wa mashabiki, tunasubiri mabango ya Thank You, yale ya kumuaga mchezaji anayeachwa, kwenye page ya klabu alafu tunaanza kutukanana. Hii gemu inakuweka upande wa pili wa meza, na kwa kazi hiyo kiukweli sijaona nyingine inayoikaribia, japo malalamiko ninayo na yatakuja huko chini.

Kwanza tuelewane kitu kimoja kwa wale ambao hawajawahi kufuatilia. Zamani mkataba wako hata ukiisha klabu ilikuwa na uwezo wa kudai hela kwanza ndo uende kwingine. Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyekuwa RFC Liège, mwaka 1990 mkataba wake uliisha akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa ikashindikana, akaenda mahakamani akakomaa miaka, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikampa ushindi. Tokea hapo mkataba ukiisha we ni mchezaji huru, na kanuni za FIFA zinakuruhusu ukibakiza miezi 6 uanze kusaini kwingine. Ndo maana kwenye gemu Januari mosi ni siku ya presha, unafungua inbox unakuta klabu za nje zinamzengea mtu wako ambaye bado anakuchezea, na huna la kufanya zaidi ya kumuongeza au kumuangalia anaondoka. Kwa Uingereza wamezingatia hata ile tofauti kwamba klabu za nje zinaongea nae toka Januari ila klabu za humohumo ndani zinasubiri mpaka msimu uwe umeishia. Vitu vidogo kama hivi ndo vilivyonifanya nikaiheshimu.

Ushauri wangu, ukitaka kuionja hii kazi vizuri chukua Liverpool. Hata kama we ni Man U (ambao humo ndani wanaitwa Man UFC, mambo ya haki za jina, na ligi yenyewe inaitwa English Premier Division), weka ushabiki pembeni uchukue Liverpool, kwa sababu gemu inaanza 2023 na pale Anfield kuna mitihani miwili imepangwa mfululizo kama vile mtunga mtihani alikaa akafikiria. Juni 2024 inaisha mikataba ya Matip, Thiago na Adrián. Juni 2025 inaisha ya Salah, Van Dijk na Trent Alexander-Arnold. Yote sita ya kweli, sio ya kutunga, na uzuri ni kwamba majibu ya klabu yenyewe tunayo, kwahiyo unaweza kulinganisha.

Tuanze na mtihani wa kwanza ambao wengi wanaupita haraka haraka kwa sababu majina sio makubwa. Matip alikuja bure kutoka Schalke 2016, kaka mkubwa, Agosti 1991 ndo kazaliwa. Thiago Aprili 1991. Kwenye maisha halisi uamuzi ulikuwa rahisi maana Matip alichana goti Desemba 2023 kwenye mechi na Fulham, na Thiago msimu mzima ule aliingia mara moja tu, dakika chache pale Arsenal Februari 2024. Wote wawili wakaachwa, Adrián naye akaondoka, Thiago akatangaza kustaafu Julai hiyohiyo na Matip Oktoba. Lakini kwenye gemu goti la Matip halina ratiba, linaweza lisichanike, akacheza mechi 30 vizuri kabisa, wastani wake mzuri, mashabiki wanampenda, na msaidizi wako anakuletea ripoti anakwambia huyu mpe mwaka mwingine. Hapo sasa ndo unapimwa.

Gemu inakupa nini cha kukusaidia? Inakupa nyota za makocha, ambazo mimi nazisoma kwa wasiwasi maana ni maoni ya mtu na kocha mbovu anakupa nyota mbovu. Inakupa sifa za mchezaji kuanzia 1 mpaka 20, na kwa hawa wa miaka 32 na kuendelea we kimbilia safu ya mwili, mbio, kuchomoka, stamina, uone vile vimshale kama vinaangalia chini. Inakupa historia ya majeraha, hii watu hawaifungui kabisa sijui kwanini, wakati kwa mtu kama Thiago ukiifungua tu unafunga mjadala. Kuna vitu pia imevificha makusudi, kama mchezaji ni wa kuumia umia, kama ana moyo wa mechi kubwa, kama anacheza kiwango kilekile kila wiki au anaotea, hivyo huvioni kwa namba mpaka maskauti na makocha wakwambie kwa maneno, na napenda sana wameficha kwa sababu hata Mo Dewji na hela zake zote havioni hivyo vitu kabla hajasaini hundi.

Lakini kifaa chenyewe hasa ni ile Squad Planner iliyoletwa toka FM23. Ni uwanja wenye nafasi zake, unapanga watu kwa msimu huu, msimu ujao na msimu wa baada ya huo. Inaonekana ya kawaida. Sasa mchukue Matip muweke msimu ujao nyuma ya Van Dijk na Konaté, alafu angalia nani kasukumwa chini. Ni Quansah. Dogo wa 2003 aliyeanza kucheza Agosti 2023. Ukimpa Matip mwaka mmoja hulipi mshahara wake tu, unalipa na dakika za Quansah, na dakika ndo zinamfanya mtu awe na bei, huyo Quansah ambaye alipata dakika Matip alipokuwa majeruhi aliuzwa Leverkusen 2025 kwa dau linaloweza kufika pauni milioni 35. Hiyo hesabu haionekani popote kwenye karatasi ya mkataba wa Matip. Hii ndo sababu mimi nasema anayeangalia orodha ya wanaomaliza mikataba peke yake bila kuangalia nani yuko nyuma yao hajaanza hata kufikiria, na kwenye vijiwe vyetu ndo tunavyofanya, tunauliza "huyu mzuri au mbaya" wakati swali ni akibaki nani hachezi.

Adrián ni kesi tofauti na ninaipenda. Kipa wa tatu, hachezi, ukimwangalia kwa nyota unampiga Thank You bila kufikiria. Ila nenda kwenye ukurasa wa Dynamics uone heshima ya mtu chumbani. Kuna watu ambao hawachezi lakini wanashika kundi, unaweza kuwaweka na vijana wakawafundisha tabia, na mshahara wao ni mdogo. Kipa wa tatu ambaye halalamiki ni mali. Kwenye maisha halisi aliondoka Liverpool akarudi zake Betis na dunia haikusimama, ila kwenye gemu mimi aina hii ya mtu huwa namuongeza mwaka mmoja mmoja mpaka achoke mwenyewe.

Sasa ule mtihani wa pili. Juni 2025, Salah anatimiza 33, Van Dijk Julai anatimiza 34, Trent ana 26. Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaani hata asiyejua mpira atakwambia mbakishe dogo waache wazee waende. Klabu ikaishia kinyume kabisa: Salah akasaini miaka miwili tarehe 11 Aprili 2025, Van Dijk akafuata tarehe 17, na Trent tarehe 5 Mei akatangaza anaondoka, tena katikati ya hayo yote wakabeba ubingwa kwa kumpiga Tottenham 5-1. Real Madrid wakalipa kama euro milioni 10 ili tu wamchukue wiki chache kabla ya mkataba kuisha tarehe 30 Juni, maana Kombe la Dunia la Klabu lilikuwa linaanza katikati ya Juni. Fikiria, mtu ambaye ukisubiri kidogo unampata bure, bado akalipiwa.

Kwenye gemu hii stori inakuja vilevile na inauma vilevile, na hapa ndo napoipa maksi nyingi. Kiangazi cha 2024 ndo muda wa kuongea nao, bado wana mwaka. Ukiingia Agosti unasema ngoja tuone kwanza, wakala anakwambia mteja wake angependa kuona msimu unaendaje. Oktoba unarudi, bei imepanda. Desemba anakwambia anasubiri kusikia ofa za wengine. Januari klabu za nje zimefika. Yaani uamuzi ambao sisi tunaujadili Juni ulikuwa wa Juni ya mwaka uliopita, na gemu haikuambii hivyo kwa maneno, inakuacha tu ufike Januari mwenyewe. Kwa Trent hasa, hata ukimpa mshahara mkubwa kama ndoto yake iko kwingine anaweza kukukatalia, na mchezaji aliyekulia kwenye akademi yako ana uzito wa ziada maana UEFA wanataka orodha ya watu 25 iwe na nafasi 8 za waliofundishwa ndani, 4 kati ya hizo wa klabu yako mwenyewe. Akiondoka huyo umepoteza beki na umepoteza nafasi kwenye orodha. Liverpool wakaenda kutoa pauni milioni 29.5 kwa Frimpong. Sasa hapo niambie Trent aliondoka bure?

Kuhusu Salah mimi nina msimamo wangu na najua wana Liverpool watanishukia. Alivyosaini alikuwa kwenye msimu wa mabao 29 na asisti 18 za ligi, nani angemwambia mtu huyo kwaheri? Hakuna. Msimu uliofuata fomu ikashuka mpaka Novemba 2025 akawekwa benchi pale West Ham na Desemba akatoka hadharani kulalamika. Ukimlipa mtu wa miaka 33 kwa yale aliyokufanyia umeshamlipa tayari, mkataba mpya ni wa yale ambayo bado hajayafanya, na miguu ya winga huwa haikutumii barua kabla ya kuisha. Gemu iko na mimi kwenye hili. Ukimuongeza miaka miwili unaweza ukaamka Oktoba namba ya mbio imeshuka na mshahara uko palepale, ule ulioripotiwa kuwa pauni 350,000 kwa wiki kwenye mkataba wa 2022. Van Dijk tofauti, beki wa kati anayesoma mchezo anazeeka taratibu, namba zake za akili zinambeba, huyo ningempa miaka miwili hata nikiamshwa usingizini.

Njia ya katikati ipo na gemu inakupa, mwaka mmoja na kipengele cha klabu kuongeza mwingine ikitaka. Hiki kipengele ni dawa. Tottenham walikitumia kwa Son Januari 2025 wakamsogeza mpaka 2026, hakuna mjadala, hakuna kubembelezana. Kwahiyo kila unaposajili mtu mpya hakikisha kipengele hiki kimo kwenye mkataba, wakati ule anafurahi kuja hatakikataa, ukija kukiomba baadae akiwa staa wakala atakucheka. Kuna kingine kinachofanana nacho lakini ni mtego, cha mkataba kujiongeza wenyewe akifikisha mechi kadhaa. Ukikikubali utajikuta Aprili unamkalisha mtu benchi sio kwa sababu hachezi vizuri ila kwa sababu akicheza mbili tena umefungwa nae mwaka mzima, na chumba kizima kinaona unachofanya, morali inashuka, akiwa na heshima ndani wenzake wanakuja ofisini kwako. Mimi kile kipengele sikigusi.

Alafu vijana. Wengi hawajui hili na gemu inalo: Uingereza mchezaji wa chini ya miaka 24 akimaliza mkataba na klabu yake ilikuwa imempa ofa nzuri akaikataa akaenda klabu nyingine ya hukohuko, klabu ya zamani inalipwa fidia, na mkishindwa kuelewana inaamua kamati. Liverpool wenyewe ndo wameyalipa haya, Danny Ings wa Burnley pauni milioni 6.5 za kuanzia na Harvey Elliott wa Fulham mpaka milioni 4.3. Kwahiyo kwa dogo ambaye hata humtaki, kabla hujamwachia mpe ofa. Akikataa akaenda ndani unakula fidia. Ila angalia asije akakubali. Haha.

Sasa malalamiko.

La kwanza, kompyuta za klabu nyingine zinaachia watu kizembe mno. Ikifika tarehe mosi Julai fungua orodha ya wachezaji huru uone, unakuta mtu ambaye ungemlipia milioni 30 anazurura hana timu. Ukiwa na tamaa unaokota watano kila kiangazi na gemu inakuwa nyepesi kama nini. Najua maisha halisi nayo yana vituko, Liverpool 2023 waliwaachia kwa mpigo Firmino, Milner, Oxlade-Chamberlain na Naby Keïta ambaye walimnunua kwa zaidi ya pauni milioni 50, akaenda Bremen bila senti kurudi. Lakini pale kulikuwa na sababu kwa kila mmoja, majeraha, umri, mishahara. Kwenye gemu mara nyingi huoni sababu. Mimi nimejiwekea sheria, simgusi mchezaji huru kama kwenye Squad Planner hakuna shimo kwenye nafasi yake, hata awe nani. Na hata hao wa bure kumbuka kuna hela ya wakala na mshahara unapanda kwa sababu anajua hujamlipia ada.

La pili, gemu inawazeesha watu mapema. Milner huyohuyo walivyomuachia 2023 alienda Brighton, na Agosti 2025 akiwa na miaka 39 akawafunga Man City penalti. Kwenye FM mtu wa miaka 39 kama sio kipa ni kocha tayari. Samatta wetu pia, mkataba wake PAOK ulivyoisha 2025 akaenda Le Havre ya Ufaransa kama mchezaji huru, akiwa ameshavuka 30, wakati mtu wa umri huo kwenye gemu ofa zinazokuja ni za kuumiza moyo.

La tatu ndo kubwa kwangu kama mtu wa huku. Hamna mtaa. Yaani hamna ule moto. Angalia Simba na Mohamed Hussein, huyohuyo Tshabalala, Zimbwe mwenyewe, nahodha, toka 2014 alivyotoka Kagera Sugar, miaka 11 kavaa nyekundu, mkataba unaisha 2025 na mtu anatokea Jangwani kwa Yanga kavaa kijani na njano. Mwaka mmoja kabla ilikuwa Chama, Mwamba wa Lusaka, njia ileile. Hapo unaamua na nini? Beki wa kushoto wa umri ule, kwa hesabu ya Squad Planner naweza kukutengenezea hoja nzuri tu ya kumuachia, lete kijana, punguza mshahara, songa mbele. Lakini hesabu ya Kariakoo haiko hivyo, ukimwachia humpotezi tu, unampa mtani, na mtani atamtambulisha usiku kwa mbwembwe zote ili ukose usingizi. Wanachama wanataka majibu, wachambuzi wa redio asubuhi mpaka jioni, mzee wa klabu anapiga simu. FM inajua nani mtani wako, mchezaji mwingine anakataa kabisa kwenda kwa mpinzani, na mashabiki wakichukia unaona kwenye ukurasa wao kuna mstari mwekundu na sentensi mbili za kusikitika. Sentensi mbili! Unabonyeza endelea, maisha yanaendelea. Waliotengeneza hii gemu hawajawahi kukaa Msimbazi pale Simba dirisha la usajili likiwa wazi.

Na kitu kingine, huku kwetu mazungumzo makubwa huwa ni hela ya kusaini, ile ya mkupuo, mshahara unafuata nyuma. Ndo maana mchezaji wa Bongo anayemaliza mkataba anakuwa na nguvu kuliko akiwa katikati ya mkataba, anajua ile hela ya kumnunua kwa klabu itaingia kwake. Tulishaona Fei Toto, kiungo wa Yanga, Desemba 2022 alivyoweka milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akisema anavunja mkataba, TFF wakasema hapana bado ni mali ya Yanga, na ikabidi Azam wamalizane nao Juni 2023. Gemu inabeba zaidi hesabu za mshahara na bonasi, hela ya kusaini haina uzito kama huku, kwahiyo ukizoea FM usidhani unaweza kwenda kukaa meza moja na mawakala wa hapa.

Ligi yetu haimo kwenye zinazochezeka, Afrika nzima inayochezeka bila kuongeza faili za watu wa mtandaoni ni ya Afrika Kusini. Nilidharau mwanzo lakini nikaja kugundua kule ndo karibu na kwetu kuliko Liverpool. Kuna kikomo cha wageni 5, sisi tuna 12, lakini akili ni moja: unapoamua kuhusu mgeni anayemaliza mkataba huamui kama ni mzuri, unaamua kama ni mzuri kuliko mgeni yeyote ambaye ungeweza kumleta kwenye ile nafasi yake. Straika Mzambia mwenye mabao 9 anaweza akawa bora kuliko wazawa wako wote na bado ikabidi aende. Na mzawa wa kawaida anayecheza nafasi tatu unamng'ang'ania. Chukua Kaizer Chiefs au Orlando Pirates, bajeti inabana, huwezi kuficha makosa kwa kununua, msimu wa pili tu utaelewa kwanini viongozi wetu wanaonekana wamechanganyikiwa kila Juni. Kwa mtu wa Bongo mimi ningesema anza Liverpool ujifunze vitufe alafu hamia huko.

Mambo ya mashine: laptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 4 inaibeba, usichague ligi nyingi tu, mbili tatu zinatosha na database ndogo, la sivyo kila siku ya gemu utakunywa chai kuisubiri. Intaneti sio lazima ukishaiweka.

Kwa kazi hii niliyoisema naipa 8 kwa 10. Mbili nimekata, moja ya hao wachezaji huru wanaozagaa na nyingine ya mtaa usiokuwepo. Ukiianza leo usiku kitu cha kwanza kabisa kabla hata hujaangalia kikosi, nenda kwenye Staff, kisha Responsibilities, tafuta sehemu ya kuongeza mikataba uweke jina lako, maana ikiwa imekabidhiwa kwa Director of Football, yule bosi wa usajili, anaweza akampa mzee wa miaka 34 miaka mitatu ukiwa umekaa unapanga mazoezi ya kona.